Gari Ilikuwa ya Kampuni? Uliza Kampuni ya Nani

Hakuna swali linaloingia kwa inboksi yangu mara nyingi kama hili: "Bro, nimepata Probox safi, lakini nasikia ilikuwa ya kampuni. Ninunue ama niachane nayo?" Anayeuliza huwa ni mtu wa Awendo, Rongo, Ndhiwa ama Mbita. Ana laki kadhaa alizozitoa kwa miwa, kwa omena ama kwa mkopo wa sacco, na hana nafasi ya kununua mara mbili. Akikosea, ni mkopo atalipa miaka mitatu huku gari imelala kwa mawe nyuma ya nyumba na kuku wanataga ndani.

Kwa hivyo sitajibu kwa sentensi moja. Nitajibu kwa historia, kwa sababu hapa kwetu Nyanza Kusini, kwa miaka thelathini hivi sasa, karibu kila kitu chenye magurudumu manne kilichotubeba kilikuwa kimefanya kazi ya kampuni ya mtu mwingine kwanza. Swali hilo limechelewa sana. Tulishajibu kwa miguu yetu, tukapanda.

Tuanze na ziwa. Kabla ya lami, mtu wa Homa Bay ama Kendu Bay aliyekuwa na safari ya Kisumu alipanda meli. Meli hizo zilikuwa za shirika la reli, East African Railways, hadi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Nahodha hakuwa mwenye meli. Baharia pia hakuwa. Lakini Kisumu kulikuwa na mahali pa kukarabati, na meli ilipelekwa huko kwa ratiba ya shirika, si kwa huruma ya nahodha. Shikilia hilo jambo la ratiba, tutalihitaji tukifika Japani.

Barabarani, jina lililotawala lilikuwa Peugeot. Wazee wakianza kuhadithia Peugeot hawamalizi, na siwalaumu. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1966, 1967 na 1968 mfululizo. 504 ikaja ikashinda 1975 na 1978. Gari ikishinda kwa matope yetu wenyewe, matangazo ya nini tena? 504 ziliunganishwa hapa hapa nchini, Mombasa, kwa kiwanda cha AVA, na ile ndefu ya viti vya safu tatu ilibeba abiria saba bila mtu kumkalia mwenzake. Serikali, shule na misheni zilinunua zikiwa mpya. Nyingi zikichoka huko, ndipo zikaingia steji. Kwa hivyo hata enzi ya Peugeot, ambayo wazee wetu wanaiita enzi ya magari halisi, wengi walipanda gari iliyokuwa imeshamaliza kazi ya bosi fulani.

Halafu matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba watu bila ile leseni ya usafiri waliyokuwa nayo wenye mabasi. Kuanzia hapo mtu mwenye pikapu na turubai alikuwa mfanyabiashara. Sitakaa sana hapo, hadithi ya matatu imeandikwa na watu wengi na nusu yao ni watu wa Nairobi.

Mlango wenyewe ulifunguka miaka ya tisini mwanzoni. Serikali iliacha masharti mengi ya leseni za kuagiza bidhaa, na magari yaliyotumika yakaanza kumwagika Mombasa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, hakuna cha kubadilisha. Ndipo tukajua Corolla zile ndefu zilizoandikwa DX. Watu walidhani DX ni jina la gari. Ni daraja tu: DX ndiyo ya bei ya chini, ambayo kampuni humnunulia mfanyakazi kwa sababu haoni haja ya kumnunulia redio nzuri. Yaani ukiona herufi hizo mbili kwa mlango wa nyuma, umesoma wasifu wa gari. Ilizaliwa kuwa ya kampuni.

Mwezi wa Julai 2002 Toyota ikatoa gari ya kurithi zile Corolla za mizigo. Wakaiita Probox, na ndugu yake Succeed. Hebu fikiria walikuwa wanamtengenezea nani. Tuseme kuna kampuni ya Osaka inayouza na kutengeneza mashine za fotokopi. Ina wafanyakazi mia wanaozunguka mji kutwa nzima na vipuri. Wanakula ndani ya gari, wanaandika risiti ndani ya gari. Ndiyo maana dashibodi ina kimeza cha kuvuta, kile ambacho hapa kwetu madereva huwekea chenji na njugu. Ndiyo maana sehemu ya nyuma ni bapa na pana, na kiti cha nyuma ni chembamba, kigumu, cha adhabu. Sheria ya Japani inataka gari ya mizigo iwe na nafasi kubwa ya mizigo kuliko ya abiria wa nyuma. Wewe ukikaa pale katikati kutoka Rongo hadi Homa Bay na kiuno kikauma, jua kwamba hicho kiti kiliwekwa ili sheria iseme kipo. Hakuna aliyekufikiria.

Sasa ile ratiba. Japani, gari binafsi mpya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Gari ndogo ya mizigo, ile ambayo namba yake inaanzia tarakimu 4, hukaguliwa baada ya miaka 2, kisha kila mwaka. Kila mwaka! Na nyingi za kampuni huwa za kukodi: kampuni inalipa kila mwezi, na ile inayokodisha, kwa mikataba mingi, ndiyo inashughulikia oili, breki na matairi. Dereva hawezi kusema "hii oili bado inaenda". Si yake kuamua. Mkataba ukiisha, mara nyingi miaka mitano hivi, gari inapelekwa mnadani, kwa mfano pale USS Tokyo, uwanja ambao kwa kweli uko Noda, mkoa wa Chiba. Anayekagua anaandika karatasi: kilomita, alama ya hali ya gari, mikwaruzo, na herufi R ikiwa iliwahi kugongwa ikatengenezwa mwili.

Upande wetu, kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515:2000 kinasema gari iliyotumika isiingie nchini ikiwa imepita miaka 8. Weka hizo hesabu mbili pamoja. Wao wanaachilia gari ikiwa na miaka mitano, sita, saba. Sisi tunafunga mlango kwa nane. Hakuna aliyepanga, lakini ile nafasi ya katikati imekaa kama imekatwa na fundi wa nguo: gari za kampuni za Japani zilikuwa lazima zije Kenya. Probox za 2002 na 2003 zikaanza kuonekana na namba za KB, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2007, na hazijaacha kuja tangu siku hiyo.

Kwa nini ziliteka Migori na Homa Bay kuliko sehemu nyingine? Hapa nitasema maoni yangu, anayepinga apinge. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kufanya kazi zile sheria za Waziri John Michuki: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, hakuna kusimama. Sheria nzuri. Ziliokoa watu. Lakini ziliipa matatu ya viti kumi na vinne gharama mpya, na mwaka 2014 kanuni za NTSA zikaongeza kwamba lazima uwe ndani ya sacco ama kampuni. Sasa chukua soko kama Rodi Kopany siku ambayo si ya soko. Ukingoje matatu ijaze watu kumi na wanne, utaoa na kupata mtoto hapo steji. Probox ikijaza watano inaondoka. (Kwenye karatasi ni watano. Tutafika hapo.) Barabara ya kwenda Magunga, ya Muhuru Bay, ya ndani ndani Ndhiwa, ilikuwa murram miaka mingi, gari nyepesi ya injini ya 1.3 ama 1.5 inapita. Mama wa omena kutoka Sori ana magunia manne, hataki kubishana na makanga kuhusu harufu. Nyuma iko bapa, magunia yanaingia. Gari ya fundi wa fotokopi ikawa gari ya samaki, ya mgonjwa wa usiku, ya jeneza. Wenzetu wa upande wa Mwanza nao wana zao, wanaziita michomoko.

Injini ilisaidia pia. Ile 1NZ ya 1.5 inatumia mnyororo badala ya mkanda, na ni ile ile ya Vitz, Fielder na Allion za 1.5. Spea ziko kila kona. Hakuna fundi chini ya mti Awendo ambaye hajawahi kuifungua.

Basi tukirudi kwa swali la inboksi: ya kampuni, ndiyo. Lakini mnanionyesha hofu mahali ambapo hakuna joka. Maisha ya kwanza ya hiyo gari, yale ya kampuni ya Japani, ndiyo miaka ambayo ilitunzwa kuliko itakavyotunzwa tena. Yanayoua gari ni maisha ya pili. Na maisha ya pili ni hapa kwetu.

Sikiliza jinsi yanavyokwenda. Tajiri ananunua Probox tatu, anaziweka barabarani. Kila gari ina dereva, na dereva ana skwodi wake wa kumpumzisha. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Inayobaki ni ya dereva. Nani analipia oili? Tajiri anasema dereva atoe kwa kazi ya siku. Dereva anasema gari si yangu. Skwodi hata haulizwi. Hiyo pia ni kampuni, rafiki yangu, hata kama haina kibao mlangoni. Ni kampuni isiyo na ratiba.

Halafu uzito. Watengenezaji walisema Probox ya mizigo ibebe kilo 400 ikiwa na watu wawili, ama kilo 250 ikiwa na watu watano. Chukua mtu mmoja kilo 65: watano ni 325, ongeza 250, unapata kilo 575. Sasa njoo steji. Mbele wanne, dereva amekaa nusu kiti na abiria mwenzake yuko upande wa mlango. Katikati wanne. Kwa buti wawili, juu ya ubao. Kumi. Hao ni kilo 650, na hatujaweka magunia. Weka kilo 100 za mizigo, uko 750. Nilipofanya hii hesabu mara ya kwanza nilitarajia namba ya kutisha zaidi. Kumbe kinachotisha si jumla ya kilo, ni mahali zinapokaa: mzigo wote umelala nyuma, mbele inainuka, taa zinaangalia mbingu, breki zinafanya kazi ambayo hazikupangiwa, na mikanda ni mitano kwa watu kumi. Wale wawili wa buti hawana hata kiti cha kufia. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu sote tumewahi kukaa pale na tutakaa tena kesho, saa moja jioni, mvua inakuja na gari ni hiyo moja.

Kwa hivyo unaponunua, unachotafuta ni alama za maisha ya pili. Ukitaka za maisha ya kwanza, utaziona pia, na hazina ubaya: vivuli vya stika vya maandishi ya Kijapani mlangoni jua likipiga upande, vitobo vya skrubu kwa dashibodi palipofungwa kifaa cha kampuni, kiti cha dereva kimelika upande wa kulia kwa sababu jamaa alishuka na kupanda mara arobaini kwa siku. Kilomita nyingi zisikutishe. Gari ya kampuni yenye 140,000 halali ni bora kuliko ile yenye 68,000 ambayo pedali ya breki imekwisha mpira. Pedali hairudishwi nyuma kwa kompyuta. Anayekuuzia ikiwa imetoka Mombasa moja kwa moja, mwambie akupe karatasi ya mnada ya Japani ulinganishe kilomita. Akisema ilipotea, na yeye apotee.

Maisha ya pili yanajificha vizuri zaidi. Fungua mlango wa nyuma, uinue mpira wa kando uangalie kama kuna rangi ya manjano chini ya nyeupe. Angalia spring za nyuma: zimewekwa spesa? Nani ainue Probox ya kwenda kanisani? Lala chini uangalie mahali shoku zinaposhikilia bodi, kama kuna welding. Fungua milango yote minne na usikilize bawaba. Mlango wa gari ya steji hufunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa duka. Kiti cha nyuma kama ni kipya kabisa na kila kitu kingine ni kizee, jiulize cha zamani kilikaliwa na nani. Na kabla ya kutoa hata shilingi ya kahawa ya broka, lipa 550 kwa eCitizen upate rekodi ya gari kutoka NTSA, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki ama sacco inaidai. Watu wanalipa laki sita wakiogopa kulipa mia tano hamsini. Sielewi.

Mjomba wangu mmoja alinunua yake kwa mtu aliyemwambia ilikuwa ya mwalimu, imekuwa ikienda shule na kurudi. Kwa wiki ya pili alisimamishwa Rongo na mama aliyefungua mlango na kuingia bila kuuliza, akamwambia "Kamagambo, na leo usiniwekee mtu kwa mapaja." Gari ilikuwa inajulikana barabara nzima.

Kuna kampuni za aina nyingine hapa kwetu, na watu wanazichanganya zote. Gari nyeupe za mashirika ya afya, ambazo Homa Bay tumeziona kwa miaka mingi kwa sababu ya kazi ya UKIMWI, mara nyingi huja na kitabu cha huduma kilichoandikwa hadi tarehe, kwa sababu mfadhili anataka kuona risiti. Hizo ukizipata mnadani, kimbia nazo, ila ukumbuke zimekula murram. Gari ya serikali yenye namba ya GK, ama ya kaunti, 43CG kwa Homa Bay na 44CG kwa Migori, ina ugonjwa tofauti. Haiuawi na kazi, inauawa na kungoja. Ikiharibika kitu kidogo, inaegeshwa. Kuiuza kunahitaji kamati na taratibu za ile sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, na wakati karatasi zinazunguka, mvua inanyesha juu ya boneti na spea zinatembea zenyewe usiku. Ikifika mnadani, bei iko chini na wewe unafurahi. Beba fundi, na ubebe tochi ya kuangalia waya, kwa sababu panya hawangojei kamati.

Na cha kuchekesha, Serikali ya Kenya yenyewe iliona hili tatizo. Mwaka 2013 ilianza mpango wa kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, ili mwenye gari, yaani anayekodisha, ndiye abebe mzigo wa huduma. Ni hesabu ile ile ya fundi wa fotokopi wa Osaka. Tajiri wa Probox tatu pale Migori angeweza kufanya hivyo pia kesho asubuhi: atoe oili na breki kwa mikono ya dereva, ahesabu kwa kilomita, apunguze hesabu ya jioni kidogo. Nimewaambia wawili. Mmoja alicheka. Mwingine aliniuliza kama nauza oili.

Kwa sasa mambo yanabadilika tena, na hii ndiyo naomba wanaoweka akiba waangalie. Mwaka 2014 Toyota ilibadilisha Probox, uso mpya na injini nyingine kwa zile za 1.3. Mwishoni mwa 2018 ikatoa ya haibridi, yenye betri kubwa pamoja na injini. Kwa ile sheria ya miaka 8, gari iliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 ilikuwa na ruhusa ya kuingia hadi 2025, na za 2019 zinaendelea. Maana yake Probox za haibridi zilizomaliza mikataba ya kampuni huko Japani sasa zina njia ya kufika Mombasa, na zikifika Mombasa, zitafika Rongo. Mafuta zitakula kidogo, madereva watazipenda. Betri ina feni yake na njia yake ya hewa karibu na mahali sisi tunapoweka magunia ya omena na watu wawili juu ya ubao. Fundi ninayemwamini Awendo nilimuuliza kama ameshafungua moja. Aliniambia bado, lakini ameanza kununua glavu za mpira.